Maumivu ya tako yanayoshuka mguuni: kabla hujakubali kwamba ni diski, ipimwe na nyonga

#1 FizioMkoani

Wakuu, salaam.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nipo hospitali ya mkoa, na kazi yangu kutwa ni viuno, magoti na mabega. Kuna aina moja ya mgonjwa ndiye aliyenifanya niandike uzi huu. Anaingia na bahasha kubwa ya MRI ya mgongo. Ndani imeandikwa diski ya L4/L5 (gegedu laini kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno) imetokeza. Ameshameza vidonge vya kila rangi, ameshanunua mkanda wa kiuno, na wengine wameshaanza kuuza mifugo kwa ajili ya operesheni. Ukimwambia "gusa panapoanzia", mkono haupandi mgongoni, unakwenda katikati ya tako. Ukimwuliza nani amewahi kukubonyeza hapo, jibu lake: hakuna.

Neva ya sayatiki ndiyo nene kuliko zote mwilini; inapotoka nyongani unene wake unakaribia wa kidole. Mizizi yake inatoka kwenye pingili za chini za mgongo na kwenye sakramu (L4, L5, S1, S2, S3), inaungana ndani ya nyonga, kisha inatokeza nje kupitia tundu kubwa la nyuma ya fupanyonga. Hapo inakutana na msuli unaoitwa piriformisi, ulioanzia mbele ya sakramu (ule mfupa mpana ulio juu ya kifandugu) ukakatiza kwa mshazari hadi kwenye nundu ya mfupa wa paja, ile unayoishika ukijibonyeza pembeni mwa nyonga. Kwa watu wengi neva inapita chini ya msuli huo, inateremka juu ya misuli mingine midogo, inapenya kati ya mfupa wa kukalia na mfupa wa paja, ndipo inaingia pajani.

Popote katika njia hiyo inaweza kubanwa. Inaweza kuwa msuli uliokakamaa au kuvimba baada ya mtu kuanguka kitako, nyuzi za kovu, mishipa ya damu iliyoizunguka neva, au misuli ya nyuma ya paja pale inapojishikiza kwenye mfupa wa kukalia. Ndiyo maana siku hizi wataalamu wengi hawasemi tu "ugonjwa wa piriformisi". Wanazungumzia kubanwa kwa neva kwenye kina cha tako, kwa sababu piriformisi ni mtuhumiwa mmoja tu kati ya kadhaa.

Kihistoria, msuli huu ulitajwa mapema. Daktari Yeoman aliuhusisha na sayatika (maumivu ya neva hiyo yanayoshuka mguuni) mwaka 1928. Lakini mwaka 1934 Mixter na Barr wa Boston walionyesha kwamba diski iliyopasuka inaweza kubana mzizi wa neva, na kwa kweli walikuwa sahihi. Tangu hapo diski ikachukua kesi zote. Robinson alipokuja kuupa ugonjwa wa piriformisi jina lake mwaka 1947, masikio yalikuwa yameshageukia kwingine.

Ilipokuja MRI, mambo yakawa magumu zaidi, kwa sababu diski iliyotokeza ni kitu cha kawaida hata kwa mzima. Mwaka 2015 Brinjikji na wenzake walikusanya tafiti za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Wenye umri wa miaka 20, asilimia 30 walikuwa na diski iliyotokeza. Wa miaka 50, asilimia 60. Wa miaka 80, asilimia 84. Na hao wote hawaumwi! Kwa hiyo ukimpiga picha mtu yeyote wa makamo anayeumwa tako, uwezekano wa kukuta kitu cha kukiandika kwenye ripoti ni mkubwa, na kitu hicho kinaweza kuwa hakihusiki.

Sasa tunaipimaje? Hakuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi. Hopayian na wenzake walipopitia maandiko yote mwaka 2010 walikuta dalili nne zinazojirudia: maumivu ya tako, maumivu kuongezeka mtu anapokaa, kuuma panapobonyezwa kwenye tundu neva inapotokea, na maumivu kuongezeka msuli wa piriformisi unapovutwa au unapokazwa. Mgonjwa wa namna hii hapendi kiti. Utamwona amekalia tako moja, au anasimama nyuma ya foleni wakati benchi lina nafasi.

Mimi huanza na mgongo, siuruki. Atembee kwa visigino, atembee kwa vidole, nagonga rifleksi ya kisigino, napima ganzi iko wapi, anakohoa tuone kama umeme unashuka, nanyanyua mguu ulionyooka akiwa amelala chali. Halafu ndiyo nakuja kwenye tako. Namkalisha ukingoni mwa kitanda, nanyoosha goti lake, navuta paja kuelekea ndani na kulizungusha huku kidole changu kiko kwenye ile njia ya neva. Kisha namlaza ubavu, anakandamiza kisigino kitandani na kufungua goti kwenda juu na nje wakati mimi namzuia. Timu ya Martin mwaka 2014 ilijaribu vipimo hivyo viwili kwa pamoja wakapata uwezo wa kumgundua mwenye tatizo wa asilimia 91 na wa kumtoa asiye nalo wa asilimia 80. Utafiti ulikuwa wa watu wachache, kwa hiyo msizitie namba hizo kwenye fremu. Ila ni vipimo vya bure, vinahitaji kitanda na mikono tu.

Matibabu nitayaandika chini, ngoja nipate chai.

#2 Mchungulia Nyuzi

Naweka kambi hapa.

#3 BabaPachu

Mkuu nilisikia kuweka pochi mfuko wa nyuma na kukaa nayo kunaleta huu ugonjwa. Ni kweli au stori za vijiweni?

#4 FizioMkoani

Ni kweli inatokea. Mwaka 1978 jarida la madaktari wa Marekani lilichapisha habari ya sayatika iliyoletwa na pochi iliyojaa kadi za benki. Ukiikalia kwa saa nyingi inakandamiza pale pale. Ni jambo la kwanza ninalomuuliza mwanaume, kwa sababu tiba yake ni kuhamisha mfuko.

#5 BabaPachu

Basi mimi niko salama, yangu haina cha kukandamiza.

#6 Mtumba wa Tunduma

FizioMkoani shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi habari yako.

Mimi naendesha lori, Dar kwenda Tunduma hadi Lubumbashi. Mguu wa kulia. Inaanzia ndani ya tako kama kuna msumari, inashuka nyuma ya paja, inafika kwenye kigimbi. Vidoleni kuna ganzi kidogo ila si kila siku. Nikisimama na kutembea kuzunguka gari inapoa. Nikipanda tena, hata Chalinze sijafika imesharudi. Mgongo wenyewe hauniumi. Nimeandikiwa diklofenaki za sindano kwenye zahanati za njiani, kila nikichomwa napata nafuu ya siku mbili, kisha inarudi. Juzi mmoja alinichoma upande ule ule unaouma, nikaona nyota.

MRI nimeambiwa nipige ya mgongo. Sijaenda, pesa. Nifanyeje?

#7 Tabibu wa Asili Original

Hiyo ni ngiri mdogo wangu. Mizizi ipo, unachemsha mara tatu. Njoo PM.

#8 Mchungulia Nyuzi

Huyu kila uzi kwake ni ngiri. Juzi mtu kauliza kuhusu jino.

#9 FizioMkoani

Mtumba, pole kaka. Sitakupa jina la ugonjwa bila kukushika, lakini ulivyoeleza (kukaa kunaleta, kutembea kunapunguza, mgongo umetulia, msumari ndani ya tako) ningeipima nyonga yako kabla ya kufikiria picha ya mgongo. Ona kwanza haya, na wote wenye hali hii wasome:

Ukianza kushindwa kukojoa au mkojo kukutoka bila kujua, ganzi ikiwa sehemu za siri na pale panapogusa tandiko la baiskeli, miguu yote miwili ikilegea, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, si ya kusubiri kliniki. Homa za jioni, kutoka jasho usiku na kukonda, hapo kwetu tunafikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo, na bado kipo sana. Aliyewahi kutibiwa saratani naye asianze na mazoezi ya mtandaoni.

Kama huna hayo, kiti ndicho tuanze nacho. Kisukume hadi ufikie klachi bila kuinua tako na bila kujivuta. Magoti yasiwe juu kuliko nyonga. Kama godoro la kiti limelika upande mmoja, libadilishe, maana lori nyingi kiti kimebonyea kushoto au kulia na dereva hajui. Mfuko wa nyuma usiwe na kitu. Shuka kila unapoweza, tembea dakika chache.

Kunyoosha: lala chali, kunja goti la mguu unaouma, livute taratibu kuelekea bega la upande wa pili hadi uhisi mvuto ndani ya tako. Sekunde 30, pumzika, rudia mara tatu. Mvuto ni sawa. Ganzi au umeme mguuni si sawa, legeza. Nyingine unaifanya ukiwa kwenye kiti: kifundo cha mguu unaouma juu ya goti la pili, mgongo umenyooka, unainama mbele. Kwa nini zote nyonga imekunjwa? Kwa sababu piriformisi ukiwa umesimama inazungusha paja kwenda nje, ila nyonga ikikunjwa kazi yake inageuka, inakuwa ya kutanua paja. Ukinyoosha bila kujua hilo unaweza kukaza badala ya kulegeza.

Halafu kuna kitu watu wanakiruka: kuimarisha. Wengi ninaowashika misuli mikubwa ya tako imelala, piriformisi inafanya kazi isiyo yake. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyanyua makalio. Lala ubavu, nyanyua mguu wa juu ukiwa umenyooka, kisigino kiongoze. Haya hayana raha ya kunyoosha ndiyo maana hayafanywi.

#10 DktWaWodi

Naomba nitie mguu, nisije nikaacha watu wakatoka hapa na imani mpya.

Mleta uzi ameandika vizuri, lakini bado sababu inayoongoza ya sayatika ni mzizi kubanwa mgongoni, hasa na diski. Huku kwenye tako tunakuja baada ya kuipima ile. Na piriformisi nayo ina tabia ya kuandikwa ovyo, kila maumivu ya tako yanaitwa hivyo: kiungo cha sakramu na nyonga, maumivu ya kiungo cha nyonga chenyewe, msuli wa nyuma ya paja uliochanika kwa mcheza mpira. Mwenye ganzi ya kudumu juu ya mguu na kidole gumba, na hawezi kuinua kidole gumba, nitampiga picha ya mgongo hata kama tako linamuuma.

Nyongeza: sayatika nyingi za diski zinatulia zenyewe ndani ya wiki 6 hadi 12. Nasema hivi kwa sababu mtu akifanya mazoezi ya tako wiki 8 akapona, hatujui kama lilikuwa tako.

#11 FizioMkoani

Daktari, nakubaliana nawe kwa karibu yote, ndiyo maana nimesema siuruki mgongo. Ninapogombana ni pale mgongo unapopigwa picha, tako halishikwi, na ripoti ya picha inakuwa ndiyo utambuzi. Mwaka 2005 Filler na wenzake Marekani walichukua wagonjwa 239 wa sayatika ambao tiba za kawaida ziliwashindwa, wakawapiga aina ya MRI inayoonyesha neva yenyewe. Zaidi ya nusu shida ilikuwa kwenye piriformisi. Hawa ni waliochujwa, si watu wa mtaani, najua. Lakini ndio hao hao wanaonifikia mimi na bahasha.

#12 DktWaWodi

Kwa kundi hilo, sawa.

Na tuwaambie watu kuhusu pregabalini, dawa ya maumivu ya neva, maana inaandikwa kama pipi. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2017, wagonjwa 209 wa sayatika, nusu pregabalini nusu vidonge bandia: maumivu ya mguu hayakupungua zaidi kwa waliopewa dawa, kizunguzungu ndicho kiliongezeka. Dereva wa lori na kizunguzungu, mjue wenyewe. Diklofenaki nayo, mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo asijinunulie.

#13 Mtumba wa Tunduma

Pregabalini ninazo kwenye gari. Nilikuwa najiuliza kwa nini Kitonga naiona mara mbili.

#14 NesiWaZamu

Hakuna aliyegusa sindano, naona mnazunguka tu.

Tako si mahali pa kuchoma hovyo. Neva tunayoizungumzia hapa inapita hapo hapo. Tulifundishwa robo ya juu ya nje, lakini mgonjwa akija zamu ya usiku amevaa suruali ya jinsi ameshusha nusu, mchomaji anakisia, robo ya juu inakuwa katikati. Kwa mtoto aliyekonda ndiyo hatari zaidi, hakuna nyama ya kukinga. Nchini Uganda, huko Kumi, madaktari wa mifupa wamehangaika kwa miaka na watoto wenye misuli ya tako iliyogeuka kovu na wengine waliopooza mguu baada ya kuchomwa, na kwinini ndiyo iliyotajwa sana. Kuanzia 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza artesuneti badala ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali, na kama lazima uchome kwenye msuli basi iwe paja kwa mbele.

Kwa mtu mzima kuna sehemu ya pembeni mwa nyonga iliyo salama zaidi. Nyonga ya kushoto unatumia mkono wa kulia: kiganja juu ya ile nundu ya mfupa wa paja, kidole cha shahada kwenye ncha ya mbele ya fupanyonga, cha kati unakitanua kwenda nyuma juu ya ukingo wa mfupa. Unachoma kati ya vidole viwili. Neva ya sayatiki haiko hapo.

Sasa tuseme ukweli na upande wa pili. Mgonjwa ukimpa kidonge ananuna. Anataka sindano, na anaitaka tako, ndiyo aone ametibiwa.

#15 MamaWawili

NesiWaZamu umenishtua. Mtoto wa dada yangu, miaka minne, alichomwa sindano tako la kushoto kwenye duka la dawa, alilia kilio ambacho si cha sindano, na tangu siku ile anaburuza vidole. Wanamwambia ataacha akikua. Ni zaidi ya mwezi sasa. Tumpeleke wapi?

#16 FizioMkoani

Dada, asisubiriwe akue. Mpelekeni hospitali ya rufaa yenye kitengo cha mifupa na fiziotherapia, wiki hii. Maumivu makali papo hapo na mguu kuning'inia baada ya sindano ni historia inayojieleza.

Nitakavyotarajia wamfanyie: kwanza kifaa cha kushikilia kifundo, kisigino kisije kikakaza na mguu ukapinda, na mazoezi ya kunyoosha kila siku nyumbani. Kipimo cha umeme wa neva na misuli kinaanza kusema ukweli baada ya wiki mbili tatu tangu jeraha, kwa hiyo kwenu wakati umeshafika. Kama neva imekandamizwa tu inaweza kurudi ndani ya wiki au miezi. Kama nyuzi zimekatika ndani, zinakua kwa kadiri ya milimita moja kwa siku; mpime wenyewe kutoka tako hadi kwenye vidole. Kama miezi mitatu hadi sita hakuna dalili ya kurudi, daktari wa upasuaji anaweza kufungua na kuangalia kovu. Wengi wanaofika mapema wanapata nafuu, na mtoto ana nafasi nzuri kuliko mimi na wewe. Kinachoniumiza ni wanaoletwa baada ya miaka, mguu umeshajikunja.

#17 MamaWawili

Asante sana. Nampigia mama yake sasa hivi.

#18 Mpwani Muscat

Asalaam aleykum wanajamvi. Mie niko Oman kwa kazi za ofisini, kukaa kutwa. Hapa daktari kanambia atanipiga sindano ndani ya tako lenyewe, dawa ya ganzi na steroidi (ya kupunguza uvimbe), kwa kuangalia kioo cha ultrasaundi. Nikisoma ya nesi hapo juu nimepata khofu. Si ndo kule kule?

#19 FizioMkoani

Waaleykum salaam. Ndugu yangu, hiyo ni tofauti. Hapo anaiona neva kwenye kioo na anaikwepa, dawa inaingia kwenye msuli au pembeni mwa neva. Mwaka 2008 Finnoff na wenzake walijaribu kwenye maiti: kwa ultrasaundi sindano 19 kati ya 20 zilifika panapotakiwa, kwa eksirei 6 tu kati ya 20. Msuli wenyewe ni mwembamba na umefunikwa na ule mkubwa wa tako, ukikosea kidogo umechoma mwingine.

Na sindano hiyo ina faida ya pili: inapima. Ganzi ikiingia na maumivu yakaondoka saa ile ile, umepata ushahidi kuliko picha nyingi. Nafuu ikidumu wiki chache, zitumie kufanya mazoezi. Wapo wanaochoma Botox ili msuli ulegee kwa miezi kadhaa, kwa bei yake huku kwetu naiacha hapo. Mguu unaweza kuwa mzito saa chache kwa sababu ya ganzi, usiendeshe gari siku hiyo. Kama una kisukari mwambie, steroidi inapandisha sukari.

#20 Binti Sayuni

Samahani naomba kuuliza, nimetumia ID mpya kwa sababu. Yangu inauma tako na mguu wa kulia, ila inakuja siku mbili kabla ya hedhi, ikiisha na yenyewe inaisha. Nimeshanyoosha sana. Ni hii?

#21 DktWaWodi

Dada, usiombe samahani, swali lako ni zuri kuliko mengi humu. Maumivu ya mguu yanayofuata mzunguko wa hedhi yanahitaji daktari wa akina mama. Kuna ugonjwa ambapo tishu inayofanana na ya ndani ya mfuko wa uzazi inaota nje yake, na mara chache inaota kwenye neva ya sayatiki au karibu nayo. Andika kwenye kalenda siku za maumivu na siku za hedhi kwa miezi miwili mitatu, nenda nayo. MRI ikipigwa iwe ya nyonga, ya mgongo haitaonyesha kitu. Kunyoosha hakutaliondoa hilo.

#22 Kombora la Mwanza

Kuna mama hapa mtaani anakanda. Anakulaza kifudifudi anapanda na kisigino kwenye tako hadi unasikia "ko". Wazee wanasema wamepona. Wakuu mnasemaje?

#23 FizioMkoani

Kukandwa kwa kiasi kunalegeza msuli na sikukatazi, hata mimi nabonyeza kwa kiwiko. Ila kisigino cha mtu mzima juu ya neva iliyovimba ni jambo jingine. Ukisikia umeme unashuka mguuni, mwambie ashuke. Mzee mwenye mifupa dhaifu asipandwe kabisa.

#24 BabaPachu

Na operesheni? Msuli unakatwa?

#25 FizioMkoani

Ni hatua ya mwisho, baada ya miezi ya mazoezi yaliyofanywa kweli, na baada ya sindano iliyothibitisha. Unakatwa msuli pale unapojishikiza kwenye mfupa wa paja, neva inasafishwa nyuzi zilizoinasa. Wenzetu siku hizi wanafanya kwa kamera kupitia matundu madogo. Msuli ukikatwa mtu anatembea, misuli mingine inashika kazi yake. Kinachoharibu matokeo ni kumpasua mtu ambaye shida ilikuwa mgongoni, kama vile kumpasua mgongo ambaye shida ilikuwa takoni.

Na kabla hamjauliza: kuna walioeleza kwamba chanzo ni kuzaliwa na neva inayopita katikati ya msuli badala ya chini yake. Watu wa namna hiyo wapo, karibu mmoja kati ya sita. Lakini mapitio mengine ya 2010, si yale ya Hopayian, yalikuta asilimia 16.9 kwa maiti za watu wa kawaida na 16.2 kwa waliopasuliwa kwa ugonjwa huu. Hakuna tofauti. Maumbile peke yake hayatoshi kukuhukumu.

#26 Mtumba wa Tunduma

FizioMkoani nimejaribu ile ya kuvuta goti bega la pili, hapa nimelala kwenye kitanda cha kabini. Ule msumari nimeukuta pale pale. Hospitali nikifika niseme nini wasinipeleke moja kwa moja kwenye mashine?

#27 FizioMkoani

Mweleze daktari hivi hivi ulivyotuandikia: kukaa kunaleta, kutembea kunapoza, mgongo hauumi. Mwambie na ile sindano ya upande unaouma, tarehe na ulivyojisikia, kwa sababu inawezekana imeongeza. Omba ashike tako na apime nguvu za mguu, halafu uombe rufaa ya fiziotherapia. Nguvu ikiwa sawa, wiki sita za mazoezi kwanza. Ikiwa hakuna mabadiliko, picha, na waiombe ya nyonga pamoja na mgongo.

#28 Mtumba wa Tunduma

Nashukuru mkuu. Nashusha mzigo Lubumbashi, nikirudi Dar naenda.

#29 FizioMkoani

Sawa. Ila njiani ukiona mguu unashindwa kukanyaga breki vizuri, au vidole vinaburuza, paki gari na uingie hospitali ya kwanza unayoikuta. Mzigo atakuja kuuchukua mwingine. Na hizo pregabalini usiziache ghafla kama umezinywa kwa muda, muulize daktari akupunguzie.